Masika Tuliyokwenda Kuijaribu Dar

Jumapili, 23 Machi

Tumefika. Miguu imevimba kwa basi la kutoka Muleba, lakini tumefika salama. Edgar alitupokea stendi, akamnyang'anya baba yake begi kabla hata ya kusalimia. Anaishi Kiwalani, nyumba ya kupanga, karibu sana na uwanja wa ndege. Ndege ikipita, watu wananyamaza katikati ya maneno, wanasubiri, kisha wanaendelea pale pale walipoishia. Nimeipenda adabu hiyo.

Naandika kwenye daftari lililobaki tangu nilipostaafu ualimu. Nataka kusema kweli humu, maana mdomoni nimeshindwa. Jambo lenyewe ni hili. Edgar, mtoto pekee tuliyebaki naye, amejenga Chamazi na anataka tuhamie kwake moja kwa moja. Kibanja chetu, yaani nyumba na migomba na mibuni yote inayoizunguka, kitachukuliwa na Ansbert, binamu wa mume wangu Audax. Ansbert anataka jibu kabla ya Mei Mosi. Kwa hiyo tumekuja mwezi mmoja kuijaribu Dar. Audax alisema tulipopanda basi, "Tukipapenda, tunabaki."

Mimi sitaki kubaki. Sijamwambia.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Ndege kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana. Anayehesabu ni mjukuu wetu Lusungu, ana miaka minne, na baada ya tisa anaruka hadi kumi na tano.

Jumatano, 26 Machi

Audax anasifu. Amesifu maji ya bomba, amesifu feni, amesifu mkate wa dukani. "Pazuri sana hapa, Mama Edgar. Pazuri mno." Huyu ni mtu aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa miaka yake yote, ambaye anaweza kukaa kutwa nzima asitoe neno zaidi ya "lete chumvi". Leo amesifu kitasa cha mlango. Nimeolewa naye miaka thelathini na minane na sijawahi kumsikia akisifu kitasa. Kama mtu amependa kiasi hiki, mimi ni nani wa kumharibia?

Hope, mke wa Edgar, ni Mnyakyusa wa Tukuyu, anafundisha chekechea. Ananisalimia kwa heshima zote, chakula changu ananiwekea cha kwanza. Lakini hacheki nami. Ananitazama kama mtu mwenye wageni ambaye anajua siku yao ya kuondoka.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Audax amesifu mvua.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya misa Edgar alitupeleka Chamazi kuiona nyumba. Barabara ya mwisho ni matope tupu, tukavua viatu. Nyumba ni nzuri, sitadanganya. Upande wa nyuma ametujengea vyumba viwili vyetu wenyewe, na baraza, na choo cha ndani ili baba yake asitembee mbali. Edgar alisimama mlangoni akiwa ameshika ufunguo, macho yanang'aa. Nilimwona tena akiwa darasa la tatu, amekuja kunionyesha daftari lenye vema.

"Mama, unaonaje?"

"Ni nzuri, baba. Mungu akubariki."

Audax alizunguka akigonga kuta kwa kiganja. "Imara sana hii. Pazuri."

Mimi nikafungua dirisha la kile chumba. Nje kuna ukuta wa jirani, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Nikalifunga tena.

Kwetu, nikifungua dirisha la jikoni, namwona Nikodemu. Ni mdogo wake Edgar. Alifariki kwa malaria akiwa na miaka saba, sasa yapata miaka ishirini na minne, na tulimzika pale pale kibanjani, baada ya mgomba wa tatu. Audax hamtaji. Tangu tulipomaliza matanga hajalitaja jina lake mbele yangu hata mara moja.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bi Thuraya, mwenye nyumba, ambaye ukoo wao umekuwa na duka mtaa huu tangu zamani, ametuletea sinia zima la biriani. Audax alikula akanyamaza. Hii ndiyo sifa ya kweli niliyoiona tangu tufike.

Ijumaa, 4 Aprili

Siku ya nne mfululizo mvua haikatiki. Nguo zinanuka unyevu. Nimezikunja nikazirudisha kwenye begi.

Jumatano, 9 Aprili

Edgar aliomba ruhusa kazini akatupeleka Keko kwa mafundi wa samani. Pale vitanda na makabati yamepangwa kando ya barabara kama watu wanaosubiri kuitwa. Anataka kututengenezea kitanda cha mninga, sita kwa sita. Fundi anaitwa Talha, kijana mcheshi, penseli imechomekwa kwenye sikio.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mnataka maua kwenye ubao wa kichwani au mnataka wazi?"

Audax alinitazama. Mimi nikamtazama yeye.

"Upendavyo wewe," akasema.

"Upendavyo wewe," nikasema.

Talha akacheka, "Basi naweka maua kidogo." Na hivyo tumeagiza kitanda ambacho sijui nani kati yetu amekitaka.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimesikia ambalo sikupaswa kulisikia. Nilikuwa naanua nguo uani, Hope na Edgar wako sebuleni. Hope akasema, "Usiwalazimishe, Edgar. Hawa hawatakaa hapa." Ndege ikapita. Ilipomalizika walikuwa wameshanyamaza.

Basi ndivyo ilivyo. Mkwe hatutaki. Ajabu ni kwamba niliumia, na huku mwenyewe sitaki kubaki.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Ansbert amepiga simu, kaongea na Audax muda mrefu nje barazani. Sikuuliza.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa lilijaa hadi nje chini ya maturubai. Audax aliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Nimewaza, ana furaha kweli. Nimeazimia kukubali. Watu wengi wazee wanahamia kwa watoto wao na hawafi. Nitamwandikia katekista wetu awe anapitia kaburi mara moja moja.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho nikaitazama muda mrefu.

Jumatano, 23 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Talha alipiga simu asubuhi kwamba kitanda kimekamilika. Edgar yuko kazini, akatuomba twende tukikague sisi wenyewe. Tulichukua bajaji hadi Keko. Kitanda kilikuwa nje kando ya barabara, chini ya turubai, katikati ya kabati na meza za chakula. Talha alikuwa ametandika sponji juu yake.

"Kaeni basi, mzee wangu. Msione aibu. Lazima mkione kama kinalia."

Tukakaa, kila mtu upande wake, tumepeana migongo nusu. Hakikulia. Watu wanapita, pikipiki zinapita, na sisi wazee wawili tumekaa kitandani barabarani. Ndipo mvua ikashuka, ile ya ghafla, yenye matone mazito. Talha akakimbia kwenda kufunika mbao zake. Sisi hatukuwa na pa kwenda. Tukasogea katikati ya kitanda kwa sababu pembeni turubai linavuja.

Simu ya Audax ikaita. Ni Ansbert. Kwa kelele za mvua Audax hakuweza kusikia, akaweka sauti ya nje.

"Audax! Samahani kukusumbua. Nataka kujua kitu kimoja, usinielewe vibaya. Lile kaburi la mtoto. Mtalihamisha, au nilizungushie uzio? Maana pale nataka kupanda migomba mipya."

Ansbert akasema, "Halo? Halo?" Audax akasema, "Nitakupigia," akakata.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

"Mimi nitasema nini, Baba Edgar? Wewe ndiye unayepapenda huku."

Akageuka mwili mzima kunitazama. "Mimi?"

"Umesifu hadi kitasa cha mlango."

"Nilikuwa nasifu kwa ajili yako!" Alisema kwa sauti hadi mpita njia mmoja mwenye mwavuli akageuka. Akaishusha sauti. "Nilidhani wewe ndiye unayetaka kuondoka kule. Miaka ishirini na minne, kila asubuhi unafungua lile dirisha la jikoni, na kitu cha kwanza unachokiona ni kaburi. Nikasema moyoni, huyu mwanamke amechoka kulitazama, ila hasemi kwa sababu ni kwangu, ni kibanja cha baba yangu. Edgar alipotuita nikasema, Mungu ameleta njia. Acha nimtoe pale."

Mvua ilikuwa inapiga turubai kama inataka kulipasua.

"Nalifungua ili nimwone," nikasema mwishowe. "Nisipolifungua, siku yangu haianzi."

Audax alivua kofia, akaiweka magotini, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

"Mimi humsalimia," akasema. "Nikienda kwenye mibuni, napita pale kwanza. Kila siku."

"Nikodemu?"

"Ndiyo. Nikodemu."

Nilikuwa sijalisikia jina hilo kinywani mwake tangu siku ile. Nikamuuliza, "Unamwambia nini?"

"Namwambia hali ya hewa. Kama mvua imenyesha, kama jua ni kali. Sijui kitu kingine cha kumwambia."

Nikaanza kucheka. Kucheka kukageuka kulia, na yeye pia, mzee mzima, barabara ya Keko, juu ya kitanda kipya. Talha akarudi, amelowa chapachapa, akasimama kwa hofu.

"Mama, kuna shida? Kama ni hayo maua mie nayatoa, dakika mbili tu."

"Hapana mwanangu. Kitanda ni kizuri sana."

"Sasa mbona mnalia?"

Audax akafuta uso kwa kofia. "Tumepumzika," akasema.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo tumemwambia Edgar. Tulisubiri arudi kazini, anywe chai. Audax ndiye aliyesema, kwa maneno machache, kama anavyosemaga siku zote. Hatuhami. Kibanja hatukiachi. Asante kwa yote, na samahani kwa kuchelewa kusema.

Edgar aliweka kikombe chini. Ndege ikapita, tukasubiri, naye hakuendelea.

"Mwanangu," nikasema.

"Nyie mnajua mwaka jana baba alipoanguka shambani mie nilijua lini?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Siku ya tatu, mama. Siku ya tatu! Na hizo siku mbili za mwanzo nilikuwa ofisini nacheka na watu." Akakisukuma kikombe kando. "Nikodemu alipougua mlinipeleka kwa shangazi. Niliporudi, kila kitu kimeshaisha, mmeshazika, watu wanakula. Nilikuwa na miaka kumi. Mie sitaki tena kufika kila kitu kimeshaisha. Nyumba nimeijenga kwa ajili hiyo tu."

Wala sikulijua hilo. Tulimpeleka kwa shangazi yake ili asione. Tulidhani tunamhurumia. Nilinyanyuka nikakaa karibu naye, nikamshika kichwa kama alipokuwa mdogo, na akaniacha nikishike.

Hope alikuwa amesimama mlangoni. Akasema taratibu, "Baba Lusungu, nilikwambia. Mama tangu aje hajawahi kutoa nguo zake begini. Anatoa moja, anavaa, anafua, anairudisha. Mtu anayehamia hafanyi hivyo." Kisha akaja akapiga goti mbele yangu. "Mama, baba yangu tulimtoa Tukuyu tukamleta mjini Mbeya kwa kaka. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anaamka, anavaa viatu, anakaa mlangoni mpaka jioni. Miezi minne, akafariki. Nilipokuona wewe na lile begi, nikaogopa. Nikasema nisimzoeshe huyu. Akinizoea atabaki kwa ajili ya kunionea haya."

Mwezi mzima nimemwandika vibaya humu. Sitazifuta zile kurasa, lakini hapa naandika wazi: nilikosea.

Tumekubaliana hivi. Simu kila siku, asubuhi. Stanley, jirani yetu anayeendesha gari la zahanati, atapewa namba ya Edgar, na Edgar atapewa ya Stanley. Na kila masika tutakuja Chamazi, vyumba ni vyetu, kitanda ni chetu. Edgar alisema, "Kila masika, siyo mwaka huu mnakuja, mwaka ujao mnaniambia habari za buni." Audax akasema, "Kila masika." Wakapeana mikono kama wanaume wa sokoni.

Ansbert alikasirika kidogo kwenye simu. Kisha akauliza kama angalau atapewa machipukizi ya ile migomba yetu ya nyuma. Atapewa.

Ijumaa, 25 Aprili

Tiketi za Jumapili zimepatikana. Nimelala mchana saa mbili nzima, ndege zote zimepita juu yangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku yetu ya mwisho, na mvua imekata. Ni sikukuu ya Muungano, Edgar hakwenda kazini, alitaka kutuendesha. Hope akamvuta shati. "Waache waende wenyewe. Hawajatembea hata siku moja, walikuwa wanafanya mtihani." Ni kweli. Mwezi mzima tulikuwa tunaikagua Dar, hatukuitazama.

Tukaanzia Kijiji cha Makumbusho, kule zilikojengwa nyumba za makabila mbalimbali. Tulitembea polepole kutoka nyumba hadi nyumba, hatuna haraka na mtu. Tulipofika kwenye msonge wa Kihaya, nyumba ya kwetu ya zamani, Audax akainama mlangoni na kusema, "Hodi humu!" Kisha akakumbuka hakuna mtu. Nilicheka mpaka nikaegemea mti.

Ndani akaja baba mmoja na mkewe na binti zao, watu wa Mbezi. Binti mkubwa akauliza mama yake mbona nyumba haina madirisha. Audax hangeweza kulivumilia swali hilo likipita bila jibu. Akawaeleza wapi mzee wa nyumba hukaa, wapi ng'ombe hulala, nyasi hutandikwaje sakafuni ili mgeni akae vizuri. Aliwaeleza bibi yake alivyokuwa akijua nani anakuja kwa kusikia hatua tu, kabla ya kumwona. Huyu ndiye mtu wa "lete chumvi". Watu wakaongezeka, wakawa kama kumi na watano. Alipomaliza, yule mama akamwambia, "Asante sana mzee, nyie mnaofanya kazi hapa mnajua kueleza." Audax akavua kofia akainama. Hakumsahihisha.

Tulipotoka nikamwambia, "Umepata kazi Dar."

"Nitaacha kesho," akasema.

Tukachukua bajaji hadi Mwenge, kwa wachonga vinyago. Harufu ya mpingo uliochongwa na rangi ya viatu wanayong'arishia. Mchongaji mmoja alituita, "Bibi na babu, karibuni, kutazama bure!" Tukatazama bure kweli, meza kwa meza, saa nzima. Nikachagua mwiko mmoja, mpana, wenye mpini mrefu, kwa sababu wangu una ufa. Audax akasema mwiko si kumbukumbu ya Dar, nichukue simba au twiga. Nikamwambia twiga hatasonga ugali. Akanunua mwiko.

Saa nane njaa ikatubana. Tukakaa kwenye kibanda kimoja, tukaagiza chipsi mayai, maana Lusungu amekuwa akimwimbia babu yake sifa za chakula hicho mwezi mzima. Audax akala vijiko viwili, akaweka kijiko chini.

"Siyo nzuri," akasema.

Nikamtazama.

"Chumvi imezidi. Mafuta yanaogelea. Na joto la mji huu, Mama Edgar, ni adhabu, sijui wanalalaje. Na zile ndege! Mtu anataka kusema neno lake, anasubiri chuma kipite." Alikuwa ameanza kuchangamka. "Na yule mwenye pikipiki aliyetaka kunigonga Jumanne. Na lile feni, linanipulizia masikio mpaka yanauma."

"Ulisema ni feni zuri mno."

"Nilidanganya."

Akaendelea kulalamika hadi sahani yake ikaisha. Aliimaliza yote, na mabaki yangu pia. Kwa muda mrefu sijakaa na mtu nikafurahi namna ile. Dada mwenye kibanda alipokuja kuchukua sahani, akauliza kama chakula kilikuwa kizuri. Audax akasema, "Kizuri sana, mwanangu," na alinipiga mguu chini ya meza nisicheke.

Jua lilipoanza kupungua makali tukainuka kutafuta bajaji ya kurudi. Zinasimama ng'ambo ya barabara, na barabara ile ni pana, magari yanatoka kila upande na hakuna anayempisha mwenzake. Tulisimama ukingoni. Nikapiga hatua, nikarudi. Nikapiga tena, nikarudi. Audax akanishika mkono. Kwetu mtu na mkewe hawashikani mikono barabarani, hata siku ya harusi tulitembea yeye mbele mimi nyuma. Akanishika kwa nguvu, vidole kati ya vidole, akainua mkono wake mwingine kuyasimamisha magari kama trafiki, na tukavuka.

Tulipofika ng'ambo hakuniachia. Bajaji zilikuwa pale pale, madereva wanatuita, "Mzee wapi? Mama wapi?" Akazipita. Tukaendelea kutembea kando ya barabara, tukipita maduka ya vitambaa na wauza simu, watu wakitupisha, na mimi sikumkumbusha.